UZI: "Kazi ni kujuana." Historia ya maneno haya, ikisimuliwa kutoka Muhuru Bay

1/ Wadau, kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasema, "Serikali imejaa watu wao." Mwingine anajibu, "Hata nyinyi mlipokuwa juu mliweka wenu." Wa tatu anafunga mjadala: "Kenya ni kujuana, zoea." Baada ya hapo ni matusi tu. Leo tuifungue pole pole, tukianzia zamani. Kanuni ya hapa ni ileile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni, nafuta.

2/ Mimi ni mtu wa Muhuru Bay, Nyatike, kaunti ya Migori. Kwa asiyejua, ni ile pembe unayofika ukiambaa na Ziwa Victoria kuelekea kusini mpaka Kenya inaisha. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wao uje ugonge ufuo wa mashariki wa ziwa pale digrii moja kusini mwa ikweta. Pale ndipo kwetu. Mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwahi kutuona ndio uliotufanya kuwa mwisho wa nchi. Na ukikaa mwisho wa nchi unajifunza kitu kimoja mapema: habari ya kazi ikikufikia, wengi wameshaiona, wameomba, na pengine nafasi imeshajaa.

3/ Dai langu ni hili, nalisema mapema ili usisome ukijiuliza naelekea wapi. Neno "kujuana" linaficha vitu viwili. Cha kwanza: mtu anakupeleka kazini kwa jina lake, na ukiharibu, yeye anaumia pamoja nawe. Hicho nakiita kudhaminiwa. Cha pili: mtu anakupa nafasi ambayo si yake, na ukiharibu, yeye haumii hata kidogo. Hicho ni upendeleo. Vinafanana kwa nje. Historia yetu ni ya jinsi cha kwanza kilivyogeuzwa kuwa cha pili, na sisi tukaendelea kutumia neno lilelile.

4/ Tuanze ufuoni, maana huko kudhaminiwa bado kupo wazi. Mwenye boti akitaka vijana wa kwenda omena usiku, habandiki tangazo. Anauliza watu. Kijana akiletwa, swali la kwanza kwa Dholuo ni "wuod ng'a?", yaani ni mtoto wa nani? Mgeni akilisikia hudhani ni ukabila au ukoo. Mara nyingi sivyo. Nyavu, taa na injini ni mali ya watu, na pengine zimenunuliwa kwa mkopo. Mwenye boti anachouliza ni hiki: ukitoroka na vifaa vyangu, au ukiuza samaki katikati ya ziwa halafu uniambie maji yalikuwa makavu, nibishe mlango wa nani?

5/ Aliyekuleta ndiye mlango huo. Ukiiba, hatafungwa jela, lakini jina lake linashuka. Kesho akileta mtu mwingine hasikilizwi. Kwa hiyo haleti tu mtu yeyote, hata kama ni binamu yake. Nimeona mtu akikataa kumpendekeza ndugu wa tumbo moja kwa sababu anajua mikono yake. Leo ufuo una BMU, kamati ya usimamizi iliyowekewa kanuni mwaka 2007, yenye daftari la wavuvi na boti. Mvuvi akihama kutoka ufuo mwingine huulizwa katoka wapi na nani anamjua huko. Ni utaratibu uleule, ila sasa una karatasi.

6/ Mizizi yake ni mirefu kuliko mkoloni. Kwa Wajaluo kuna neno jadak, mtu aliyehamia kwenye ardhi ya ukoo mwingine na kukaribishwa na wenyewe, weg lowo. Jadak hakuingia tu na jembe lake. Alikuwa na mwenyeji aliyemkaribisha. Alilima, alioa, alizaa, lakini akivuruga amani, mwenyeji wake aliulizwa kwanza. Na ufuo huu wa kusini, wenye familia nyingi za asili ya Suba ambazo leo zinasema Dholuo, umejengwa na watu waliopokelewa kwa njia kama hizo. Kudhaminiwa kulikuwa njia ya mgeni kuwa mwenyeji.

7/ Halafu ikaja serikali ya kikoloni na kodi ya nyumba. Hapa kuna jambo linalosahaulika sana kwenye mijadala yetu. Katika miaka ya mwanzo, watu wengi hawakutumia kujuana ili WAPATE kazi ya mzungu. Walitumia kujuana ili WAIKWEPE. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mashamba ya walowezi yakataka mikono, na chifu akaambiwa alete vijana. Nani alipelekwa? Kwa kawaida yule asiye na mtu wa kumtetea: yatima, maskini, jadak. Mtoto wa rafiki wa chifu alibaki nyumbani.

8/ Vita vya kwanza vya dunia vilizidisha hilo. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuingia Kisii, kwa hiyo Nyanza Kusini tulikuwa uwanja wa vita tangu mwanzo. Kisha wakachukuliwa wabeba mizigo wa jeshi, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Vita vilipoisha, mwaka 1919 gavana alitoa waraka ukiwataka maafisa na machifu "wahimize" vijana kwenda mashambani. Kila mtu kijijini alijua maana ya kuhimizwa.

9/ Kwa hiyo tangu hapo afisa wa umma wa ngazi ya chini alikuwa na uwezo wa kuamua nani aende na nani abaki, na hakuwajibika kwa waliopelekwa. Aliwajibika juu, kwa bwana DC. Mbegu ya upendeleo wa serikalini ilipandwa pale. Hatukuzaliwa nayo.

10/ Kisha kipande. Sheria ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, mwajiri wake, kazi yake na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi, mwajiri alitakiwa kutia sahihi kwamba amekuachilia. Bila sahihi hiyo ulikuwa mtoro, na mtoro alikamatwa.

11/ Tazama vizuri kile kipande. Kilikuwa barua ya mapendekezo ya lazima, ila iliyopinduliwa. Anayekushuhudia ni mwajiri peke yake, wewe huna la kusema, na yeye akikataa kutia sahihi kwa hasira tu, unaumia wewe. Ushahidi wa mtu juu ya mtu uligeuka kuwa kamba. Kipande kile kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya kupigiwa kelele miaka mingi, lakini neno lenyewe bado tunaliita kitambulisho.

12/ Chini ya mfumo huo, watu walijitengenezea wao. Kule Kericho, mashamba makubwa ya majani chai yalipopanuka kuanzia miaka ya 1920, nyapara ndiye aliyekuwa daraja. Akiambiwa wanahitajika watu, alituma neno kwao, na vijana wa kijiji kimoja wakajaa kwenye mstari mmoja wa nyumba. Mwajiri alipenda hivyo kwa sababu nyapara alijibu kwa watu wake. Kijana alipenda kwa sababu alifika mahali pageni akakuta lugha yake na mtu wa kumkopesha unga. Nyapara mbaya naye alidai kitu kwanza. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

13/ Mombasa bandarini na kwenye karakana za reli Nairobi ikawa vilevile. Mgeni alishuka kwenye gari moshi akiwa na jina moja tu kichwani, la mtu wa kwao. Alilala sakafuni kwake, akapelekwa asubuhi langoni. Ndipo vikaanza vyama vya koo na maeneo, na juu yao Luo Union, iliyokuwa na matawi kote Afrika Mashariki. Pale Kaloleni, Nairobi, watu walikutana kuchangia mazishi, karo na nauli, na pia kupeana habari: nani anaandika watu, nani amefukuzwa, nani ni mwizi. Hiyo ya mwisho tunaisahau. Chama kilipeleka mtu kazini, na chama hichohicho kilimwita mtu kikaoni na kumkemea.

14/ Njia nyingine ilikuwa misheni. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mwaka huohuo shule ya Maseno ilianza. Baada ya muda mfupi, barua ya padri, pasta au mwalimu mkuu ikawa na thamani kuliko ng'ombe. "Mchukuzi wa barua hii namjua" ilifungua ofisi. Mwandishi wa barua hiyo alilinda jina la misheni yake, kwa hiyo hakuandikia kila mtu. Lakini pia haikuwa haki: asiyebatizwa, aliyekaa mbali na misheni, na karibu kila msichana, hawakuwa na wa kuwaandikia. Ukitoka Muhuru hadi Gendia kwa miguu, utaelewa kwa nini sisi tulichelewa.

15/ Nisimame hapa kidogo. Mpaka miaka ya 1950, kupata kazi kwa mtu kulikuwa na kasoro kubwa moja: asiye na mtu alibaki nje. Lakini kulikuwa na breki mbili. Kwanza, aliyekupeleka alilipa ukiharibu. Pili, mwenye kazi, awe mzungu wa shamba au mwenye mtumbwi, alikuwa akitumia pesa zake mwenyewe, kwa hiyo hakukubali mzembe kwa sababu tu ni shemeji ya mtu.

16/ Uhuru ulipofika 1963, breki zote mbili zililegea. Maelfu ya nafasi za serikali na mashirika zilikuwa wazi kwa Waafrika, na zilijazwa haraka. Aliyekaa kwenye kiti cha kuajiri alitoka katika utamaduni ule wa nyapara na Kaloleni: mtu mzuri huwakumbuka wa kwao. Lakini sasa mshahara haukutoka mfukoni mwake. Ulitoka kwenye kodi ya mvuvi wa Muhuru, mfugaji wa Wajir na mama mboga wa Gikomba. Alikuwa akitoa ahadi kwa mali ya watu wengine. Na yule aliyemwingiza akiharibu, hakuna kikao cha kumkemea yeyote kati yao.

17/ Hapo ndipo neno lilipobadilika maana huku herufi zikibaki zilezile. Kijijini, mtu aliyeingiza vijana kumi wizarani aliitwa shujaa. Tulimchezea ngoma. Hatukuuliza kijiji gani kilikosa hao kumi, maana hatukukiona. Hilo halikuwa la kabila moja. Kila jamii iliyokaa karibu na sahani ilifanya hivyo, na kila iliyokaa mbali ililalamika, mpaka zamu yake ilipofika.

18/ Kisha nafasi zikaisha. Kufikia 1972 hali ilikuwa nzito kiasi kwamba ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti nzima kuhusu ajira Kenya, ripoti iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Mwaka mmoja kabla, tume ya serikali ilikuwa imeruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao wakiwa kazini. Miaka ya 1990 ikaja na kupunguza wafanyakazi na kusimamisha ajira serikalini. Vijana wenye vyeti waliongezeka, milango ikapungua. Mlango ukipungua, anayeshika ufunguo huanza kuuuza. Kujuana kukazaa kitu kidogo, halafu kikubwa.

19/ Ufuoni kwetu tulikuwa na somo letu kali kuhusu hilo. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mapema 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa, viwanda vya minofu vikajengwa, na pesa ikaingia. Lakini samaki wengine walipopungua na wachuuzi wakaongezeka, mama mchuuzi hakuuziwa samaki kwa pesa tu. Alitakiwa "awe na mtu" kwenye boti. Tunaita jaboya: mwili ukawa sehemu ya bei. Ukimwi ulipita kwenye njia hiyo, na Nyanza nzima inajua makaburi yake.

20/ Naitaja jaboya kwenye uzi wa ajira kwa sababu ni kitu kilekile. Mahali ambapo riziki inapatikana kwa kujuana TU, asiye na jina la kuweka rehani huombwa aweke kitu kingine. Wasichana wanaotafuta kazi za ofisini Nairobi, Kisumu au Migori wanajua ninachosema. Na suluhisho lilitufundisha pia. Pale Nduru Beach, Kisumu, mwaka 2011 kina mama walianza kupata boti zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi. Mahubiri yalikuwa yamepigwa miaka mingi bila matokeo. Kilichobadilisha mazungumzo ni nani anamiliki boti.

21/ Sasa sheria, maana kwenye mijadala watu huzitaja nusu nusu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na sifa za mtu viwe msingi wa kuajiri, na papo hapo inataka nafasi za kutosha kwa wanaume na wanawake, jamii zote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo.

22/ Utekelezaji je? Tume ya NCIC ilipokagua utumishi wa umma mwaka 2011 iligundua kwamba makabila matano tu yalishika karibu asilimia 70 ya kazi. Ilipokagua kaunti mwaka 2016, kaunti 15 tu kati ya 47 zilikuwa zimetimiza kile kifungu cha 65. Soma hapo tena. Ugatuzi, ambao sisi wa pembezoni tuliusubiri kwa hamu, uliteremsha nafasi kutoka Nairobi hadi kaunti, na "watu wetu" ikateremka nazo. Wa Muhuru aliyelalamika kwamba Nairobi haimjui, sasa anauliza kama makao makuu ya kaunti yanamjua. Na Mkuria wa Kehancha anauliza hivyo hivyo kuhusu sisi.

23/ Mtu akikwambia "hakuna kinachoweza kufanyika", mkumbushe 2014. Julai mwaka huo polisi walisajili makurutu kama 10,000 kwa siku moja viwanjani nchi nzima. Malalamiko ya hongo na upendeleo yakawa mengi. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ikaenda kortini, na Oktoba Mahakama Kuu ikafuta usajili wote. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Iliuma, maana ndani ya wale 10,000 walikuwamo waliopita kwa jasho lao. Lakini kwa mara moja, waliojaza nafasi za umma walilazimika kujibu.

24/ Sasa turudi kwenye zile kauli za mjadala. Ya kwanza: "Tufute kujuana, tuajiri kwa sifa tu." Inasikika vizuri, ila haiwezekani kama ilivyosemwa. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu wa Newton, karibu na Boston, wenye taaluma kubwa na magazeti yaliyojaa matangazo. Wengi wao nao walipata kazi kwa kusikia kutoka kwa mtu. Ajabu ni kwamba mara nyingi huyo mtu hakuwa ndugu wala rafiki wa karibu. Alikuwa mtu wanayemjua juu juu, wanayekutana mara moja moja.

25/ Sababu yake utaiona hata Muhuru. Rafiki zako wa karibu wanajua unachokijua: nani ameshuka na omena, mechi iliisha ngapi. Lakini dereva wa lori la samaki, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Machakos, muuguzi wa zahanati, mtu wa mpakani anayevuka kwenda Kirongwe, hao wanatembea na habari ambazo kijiji hakina. Kwa hiyo kijana wa mwisho wa nchi anahitaji kujuana KUPANA. Kwa bahati mbaya siasa inampa kujuana kwembamba: mtu mmoja mkubwa, na foleni ndefu mlangoni kwake siku ya mazishi.

26/ Kauli ya pili: "Ni zamu yetu kula." Jibu langu ni la hesabu. Mkubwa mmoja akiingiza watu 20 kutoka wadi, wadi ina vijana maelfu. Hao 20 watakuwa ushahidi wa kampeni miaka mitano. Waliobaki watapigia kura matumaini ya kuwa wa 21. Kwa hiyo upendeleo haulishi jamii. Unalisha wachache na kuwafunga wengine mdomo.

27/ Kauli ya tatu: "Ukipendekezwa na mtu, wewe ni mwizi." Hapana. Fomu nyingi za kazi, hata za serikali, zinaomba majina ya watu watatu wanaokufahamu. Mwalimu akisema kwa ukweli kwamba huyu binti alishika funguo za maabara miaka miwili na hakuna kilichopotea, hiyo ni habari ambayo cheti hakina. Kosa ni pale neno lake linapochukua nafasi ya usaili, au linapotolewa bila kumjua binti mwenyewe.

28/ Hivyo, ukisikia tuhuma ya kujuana kwenye mjadala, usiulize kwanza "ni kabila gani?" Uliza haya matatu.
Moja: nafasi hiyo ni mali ya nani? Boti ya mtu binafsi ni yake, na hasara ni yake. Nafasi ya umma ni yetu sote.
Mbili: aliyependekeza anapoteza nini mtu wake akiharibu? Kama jibu ni "hakuna", hiyo si dhamana.
Tatu: asiye na mtu alikuwa na njia ya kuingia? Tangazo lilimfikia kwa wakati, au lilibandikwa Ijumaa na kufungwa Jumatatu?

29/ Kutokana na maswali hayo, kuna mambo ambayo mwananchi anaweza kudai bila kusubiri malaika. Matangazo ya kaunti yafike kwenye ofisi za wadi, beach, kanisa na msikiti, yakae muda wa kutosha. Majina ya walioitwa na walioajiriwa yatangazwe, pamoja na alama zao. Na mtumishi wa umma anayempendekeza mtu aandike na kutia sahihi. Simu haina kumbukumbu, karatasi inayo. Asiyetaka jina lake lionekane ajiulize kwa nini.

30/ Kwa wewe kijana unayesoma huku ukitafuta kazi. Usione haya kuuliza watu, si dhambi. Lakini usiseme "nisaidie kazi". Sema unajua kufanya nini, ulikifanyia wapi, na nani alikuona. Omba habari kwanza kabla ya kuomba nafasi: wanaajiri lini, wanataka karatasi gani. Weka karatasi zako tayari, ikiwemo ile ya polisi ya tabia njema, maana habari njema huja na muda mfupi. Ukipelekwa na mtu, fanya kazi ukijua umebeba jina lake. Na yeyote anayedai pesa au mwili wako ili "akuunganishe", huyo anakuuza. Ondoka, na mwambie mtu unayemwamini.

31/ Na kwa wewe uliye ndani tayari, uliyetoka Muhuru, Sori, Mbita, Lamu au Lodwar: kitu cha bei rahisi na cha halali unachoweza kuwafanyia wa kwenu ni kuwapelekea habari siku ileile inapotoka. Tuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Soma CV ya mtoto wa jirani umrekebishe. Mwambie ukweli kama hana sifa, na asomee nini. Hilo haliibi nafasi ya mtu yeyote. Ukimpendekeza, mpendekeze yule ambaye ungempa boti yako mwenyewe aingie nayo ziwani usiku.

32/ Wazee wetu waliuliza "wuod ng'a" kwa sababu mali ilikuwa yao na hasara ingekuwa yao. Tunapouliza swali hilo kwenye ofisi ya umma, mali ni ya wote na hasara ni ya wote, ila faida ni ya mmoja. Ukiona mtu anatetea hilo kwa jina la mila, mwambie mila ilikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo ameiacha nyumbani.

33/ Uzi umeisha. Kwenye maoni, niambie bila kutaja jina la mtu wala ofisi: kazi yako ya kwanza uliisikia kwa nani, na alikuwa ndugu wa karibu au mtu wa kujuana juu juu? Nitahesabu majibu nilete hapa wiki ijayo. Sambaza kwa yule anayesema "zoea".